Kidato, kitengo, chuo au kwa fundi: tumpeleke wapi kijana mwenye ulemavu wa akili?

Swali hili hunijia kila Desemba. Mzazi anakaa kwenye benchi nje ya darasa letu la kitengo, kijana wake pembeni anachezea zipu ya begi, na baada ya kuulizana habari za nyumbani analitoa: "Mwalimu, shule ya msingi ndiyo imeisha. Sasa huyu tunampeleka wapi?"

Ni mwaka wa kumi na nne sasa nafundisha wanafunzi wenye ulemavu wa akili na usonji, katika kitengo kilichomo ndani ya shule ya msingi ya serikali mkoani Morogoro. Zamani jibu langu lilikuwa fupi: akijua kusoma kidogo aende kidato cha kwanza, asipojua abaki. Siku hizi sijibu hivyo. Nimemwona kijana aliyefika kidato cha nne na bado mama yake anamfunga vifungo vya shati. Nimemwona pia binti asiyeweza kuandika jina lake akiendesha genge la nyanya, analifungua asubuhi na kulifunga jioni mwenyewe. Kama ni kusoma, yule kijana alimpita mbali. Ila binti alipewa nafasi ya kujaribu mambo ya kila siku, akaharibu, akarudia, na watu wake wakavumilia hasara ya nyanya kadhaa.

Kwa hiyo njia zilizopo nitazilinganisha kwa kipimo kimoja: huko anakokwenda, ni mara ngapi kwa wiki kijana atashika pesa, atapanda gari, ataujali mwili wake, atasema hapana na atafanya kazi, yeye mwenyewe, bila mtu kumshika mkono? Nawazungumzia wa umri wa miaka 13 hadi 20 hivi, wenye ulemavu wa akili wa kiwango kidogo au cha kati, wenye usonji, na wale ambao kujifunza kwao kulirudi nyuma kwa sababu ya kifafa au homa kali za utotoni. Wasioona na viziwi wana njia zao, na hizo sitazigusa.

Njia ziko nne. Ya kwanza ni sekondari ya kawaida, anasoma na wenzake kwa utaratibu wa elimu jumuishi. Tangu Januari 2024 baadhi ya sekondari zina mkondo wa amali, ambako mwanafunzi anajifunza fani pamoja na masomo ya jumla. Ya pili ni kubaki kwenye kitengo, au kuhamia shule maalumu kama ile ya Irente Rainbow kule Lushoto. Ya tatu ni chuo: cha VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, au chuo cha maendeleo ya wananchi (viko 54 nchi nzima na vilianza mwaka 1975), au vyuo vya ufundi stadi na marekebisho kwa watu wenye ulemavu, kama Yombo cha Dar es Salaam na Sabasaba cha Singida. Ya nne ni kumweka kwa fundi mtaani, cherehani au useremala au mama lishe, ama kwenye shamba na biashara ya familia.

Pesa

Naanza na pesa kwa kuwa hapo tofauti inajitokeza mapema.

Kwenye kitengo Jumanne ni siku ya duka. Nina kijana wa miaka 16 mwenye usonji, maneno anayotamka hayafiki ishirini, na hesabu za kuandika hazijamwingia hata kidogo. Lakini wanyama anawapenda mno. Noti zetu zina wanyama: elfu mbili ina simba, elfu tano ina kifaru, elfu kumi ina tembo, na elfu moja ina Mwalimu Nyerere. Basi tukaziacha tarakimu. Nilitengeneza kadi, juu picha ya sabuni, chini picha ya simba, maana yake sabuni inanunuliwa kwa simba. Anafika dukani, anaonyesha kadi, anatoa simba, anafungua kiganja, anasubiri.

Kusubiri ndiko kulikotula wiki sita. Akishaipata sabuni alikuwa anageuka na kuondoka, chenji anaiacha mezani. Nikakubaliana na mwenye duka ashike sabuni na chenji pamoja, asitoe kimoja bila kingine. Baada ya wiki mbili mwenye duka akawa anatoa sabuni, anahesabu moja mpaka tatu kimoyomoyo, ndipo anatoa chenji. Tukarefusha polepole. Mwezi uliopita mwenye duka alisahau kweli, akaanza kumhudumia mteja mwingine. Kijana hakusogea. Alisimama pale kiganja wazi, watu watatu nyuma yake, mpaka akawekewa mia tatu yake. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara nimeshika simu sikioni nisionekane namtazama. Kwa kazi ya namna hii kitengo hakina mpinzani, ilimradi mwalimu awe na wanafunzi wachache na ruhusa ya kutoka nje ya geti. Kitengo kisichotoka nje ya geti kinafundisha pesa za karatasi, na kijana anajua kabisa kwamba zile ni karatasi.

Sekondari pesa ziko ubaoni: asilimia, faida na hasara. Kijana wako anaweza kunakili yote na asiweze kununua chumvi. Hata hivyo sekondari ina kitu ambacho mimi sina, nacho ni mapumziko ya saa nne. Pale anagombania andazi katikati ya vijana mia mbili wa rika lake, kila siku ya Mungu. Kama anajua tayari kuomba chenji, ile kantini itamkomaza kuliko duka langu la Jumanne.

Chuoni, hasa akilala bwenini, somo linakuwa la kugawa: hela ya mwezi mzima iko mfukoni na hakuna mama wa kuitunza. Wengi wanaimaliza wiki ya kwanza, na wapo wanaokopwa na wenzao wasirudishiwe. Mzazi akituma kwa wiki badala ya mwezi, hilo linapungua.

Kwa fundi pesa ni ya jasho, na kijana anaijua thamani yake haraka sana. Tatizo ni kwamba mafundi wengi humpa "ya chai" tu, mwaka wa kwanza mpaka wa tatu. Kubalianeni mapema, mbele ya mtu wa tatu, lini atoke kwenye kujifunza aanze kulipwa.

Pesa ya kwenye simu haifundishwi vizuri popote kati ya njia hizi nne. Kijana wetu mmoja alimtajia jirani namba ya siri kwa sababu jirani aliuliza kwa upole. Hilo ni somo la nyumbani, na linafundishwa kwa mazoezi: mjomba anakuja anauliza namba kwa upole, shangazi anauliza kwa ukali, rafiki wa kaka anauliza kwa utani, na kila mara kijana anajifunza kujibu "siitaji kwa mtu." Salio la mazoezi liwe dogo.

Mwili, na neno hapana

Hapa nakiri kosa letu sisi walimu wa vitengo. Tunafundisha utii kupita kiasi. Kaa, simama, njoo, leta. Kijana anayetii kila mtu mzima ndiye tunayemsifu siku ya wazazi, na huyohuyo ndiye aliye hatarini zaidi akikutana na mtu mbaya njiani. Siku hizi asubuhi nikigawa kifungua kinywa nampa uji kijana ambaye najua anataka chai, kisha nangoja. Anaweza kusukuma kikombe, kutikisa kichwa, au kusema "sitaki." Lolote kati ya hayo napokea, nampa chai. Baada ya miezi mitatu wanakataa waziwazi, na ndipo tunapoanza kuzungumza kuhusu nani anaruhusiwa kugusa mwili wake, wapi, na kwa sababu gani.

Kwa mabinti, hedhi inataka kuandaliwa kabla haijafika. Mimi na mwalimu mwenzangu tunachora mstari wa wino kwenye chupi mpya kuonyesha pedi inapokaa, na binti anavaa pedi siku kadhaa akiwa hana kitu, ajifunze kutembea nayo, kuibadilisha, kuifunga kwenye karatasi na kunawa mikono. Siku yenyewe ikifika, kilicho kigeni ni damu peke yake. Shule ya sekondari yenye wanafunzi mia nane haiwezi kufanya hivi kwa mtu mmoja mmoja. Kama binti hajaliweza, usimpeleke kidato cha kwanza ukitumaini atajifunzia huko. Atajifunza kwa aibu, na wengi huacha shule kimyakimya.

Kwa upande wa marafiki, sekondari inashinda njia nyingine zote. Kijana anasikia mazungumzo ya rika lake, anajua timu gani imefungwa, anajifunza mahali pa kucheka na mahali pa kunyamaza. Kwenye kitengo anaishi na wenzake walewale miaka tisa, na mwenye miaka 17 bado anaimbishwa nyimbo za chekechea. Hilo linaniuma kila ninapoingia darasani. Lakini marafiki wa sekondari wana upande wa pili: wapo wanaomtuma kijana kuiba maembe ya jirani kwa kuwa wanajua hatakataa, anataka mno kuwa mmoja wao. Ndiyo maana neno hapana nalitanguliza kuliko kusoma.

Chuo cha bweni uliza jambo moja kabla ya ada: usiku analala nani nao? Nataka kumwona matroni au patroni huyo, nimsikie anavyowaita. Kwa fundi, chagua kibaraza kilicho wazi barabarani kuliko chumba cha ndani, na mpitie bila taarifa. Kijana mwenyewe akariri namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, na ajue kuna Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Safari nitaipitia haraka. Kwa kulinganisha, anayekwenda sekondari ya kata kwa miguu na anayekwenda kwa fundi wa mtaa wa pili wanapata zoezi lilelile kila siku, bure. Wa kitengo mara nyingi anapelekwa na kurudishwa, kwa hiyo hajifunzi kitu njiani. Kama kitengo kiko mbali, mwache kwenye kituo kimoja kabla, umfuate kwa mbali, wiki inayofuata viwili. Wa bweni anasafiri mara chache mno kwa mwaka kiasi cha kusahau.

Kazi na cheti

Wazazi wengi hapa ndipo macho yanapofunguka, nami nawaelewa. Cheti ni heshima ya nyumba.

Sekondari inatoa cheti ambacho kijana wa aina ninayoizungumzia hukipata kwa shida. Mwishoni mwa kidato cha pili kuna upimaji wa kitaifa, na anayeshindwa hurudia darasa. Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine, ila muda wa ziada unamsaidia anayejua jibu na kuandika taratibu. Asiyelielewa swali anakaa tu na karatasi kwa muda mrefu zaidi. Mkondo wa amali una matumaini kwangu kuliko wa jumla, kwa sababu sehemu ya siku anashika nyundo, sindano au jembe. Ulizia kama shule iliyo karibu nawe inao, na kama karakana yake ina vifaa au ina jina tu mlangoni.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeifanya elimu ya lazima kuwa miaka 10, maana yake sekondari ya chini inakuwa ya kila mtoto. Naunga mkono. Lakini ili isiwe kumhamisha tu kutoka benchi moja kwenda jingine, mzazi adai shule ikae naye iandike mpango wa elimu wa mtu binafsi: muhula huu kijana ataweza nini ambacho jana hakuweza. Ukimkosa mwalimu anayeujua mpango huo, nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri. Walimu waliosomea Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu, wapo wengi kuliko watu wanavyodhani, wengine wamepangiwa madarasa ya kawaida wakati utaalamu wao umelala.

Chuo ndicho chenye njia iliyonyooka zaidi kuelekea kazi. VETA kozi zake zina hatua na mtihani, na kijana anayeweza kufuata maelekezo ya hatua nne au tano mfululizo atafaidika. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vina kozi fupi na havishikilii sana cheti cha nyuma; vijana wangu watatu walienda huko kwa mapishi, ushonaji na ufugaji, wawili wakamaliza. Vyuo vya marekebisho vimezoea watu wenye ulemavu na majengo yao yamejengwa kwa kuwafikiria, ila ni vichache na viko mbali na wengi wetu, na kijana anaishi tena na watu wenye ulemavu peke yao.

Kwa fundi hakuna cheti, lakini si kweli kwamba njia hiyo inaishia hewani. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi wa mtaani anapimwa kwa kazi yake na kupewa cheti. Wazazi wengi hawaujui. Kijana aliyeshona miaka mitano kibarazani anaweza kupimwa kwa mikono yake badala ya kalamu.

Na ujuzi ukishapatikana, mlango uko kisheria. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa bila riba, 2 ni za watu wenye ulemavu, 4 za wanawake na 4 za vijana. Kijana akifika miaka 18 afuatiliwe namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, mara moja. Bila hiyo hawezi kusajili laini kwa jina lake wala kufungua akaunti, na pesa yake itaendelea kupitia mifuko ya wengine.

Nikimtazama kijana wako

Kama anajua kujisaidia na kujisafisha mwenyewe, anasoma sentensi fupi, anakataa anapotaka kukataa, na anaumia akitengwa na wenzake, mpeleke sekondari, amali ikiwezekana, na usimpime kwa nafasi yake darasani.

Kama bado anahitaji msaada chooni, kwenye kula au kuvaa, abaki kitengo au shule maalumu. Usihesabu kuwa umeshindwa. Hizo ndizo stadi zitakazoamua kama mtu mwingine atakubali kukaa naye siku wewe hupo. Lakini kikomalie kitengo: muulize mwalimu wiki hii kijana ametoka nje ya geti mara ngapi.

Kama ana miaka 16 kwenda juu, ameonyesha kazi anayoipenda na kulala nje ya nyumbani hakumvurugi, chuo ni chake. Mjaribu kwanza kwa shangazi au bibi yake wiki mbili. Kijana mwenye usonji anayekosa usingizi kwa sababu shuka limebadilika hatafika mwezi wa pili bwenini, na ada haitarudi. Ada yenyewe ipime na gharama za kila njia: sekondari ya serikali haina ada lakini ina sare na chakula, chuo kina ada na bweni, na fundi naye mara nyingi anataka chochote ili amkubali mwanafunzi.

Ninachokipenda kuliko vyote ni mchanganyiko, na hakihitaji kibali kikubwa. Siku tatu kitengo, siku mbili kwa fundi wa jirani. Tumefanya hivyo kwa kijana mmoja mwenye hali ya Down (Down syndrome). Mwalimu anamfundisha hatua darasani, fundi anamdai kasi. Seremala wake aliniambia hajui kumfundisha mtu asiyekariri, nikamwonyesha kuanzia mwisho: fundi apige msasa kiti chote, abakize mguu mmoja, kijana aumalize na akipeleke kiti kwa mteja yeye. Wiki ijayo abakiziwe miguu miwili. Anaanza kila siku kwa kazi inayokamilika mikononi mwake, na hamu ya kurudi kesho inabaki. Sasa anapiga msasa kiti kizima, na wateja wanamwita fundi.

Ukienda kukagua mahali popote kati ya hapa nilipotaja, usiridhike na ofisi ya mkuu. Omba kuona choo na jiko. Uliza nani anapika chai ya saa nne. Niliwahi kutembelea shule moja yenye darasa zuri la mapishi, masufuria yanang'aa, na wanafunzi wamekaa kwenye viti wanamtazama mwalimu akipika. Nyingine ilikuwa na jiko la mkaa chini ya mwembe, vijana wanne wenye makovu madogo ya kuungua vidoleni, na chai yao niliinywa.

Kabla hujaja kuniona Desemba, chagua Jumapili moja. Kaa na daftari toka kijana anapoamka mpaka anapolala, uandike ukurasa mmoja kila kitu alichofanya mwenyewe bila kuambiwa, na ukurasa wa pili kila kitu ulichomfanyia kabla hajajaribu. Njoo nalo. Tutaanza na ukurasa huo wa pili.